Damu ya Ndizi na Posa ya Evodi

Mimi nimekufa sana. Nimechinjwa, nimenyongwa, nimetupwa mtoni, nimefukiwa chini ya majani makavu ya migomba huku siafu wakinipanda pajani na siruhusiwi hata kupepesa jicho. Hapa Chonyonyo hakuna mtu aliyekufa kama mimi, na bado natafuna ndizi zangu kwa meno yangu mwenyewe. Kwa hiyo ninyi wajukuu mnaokuja na simu zenu mkitaka niwafundishe filamu za kutisha, kaeni vizuri. Kufa ni kazi. Msidhani ni kulala.

Maiti anayebana pumzi anaharibu filamu. Kifua kinatetemeka, shingo inavimba, mtazamaji anacheka. Wewe toa pumzi yote kwanza, halafu tulia hivyo hivyo ukiwa mtupu kama debe, kamera ipite. Mdomo uuache wazi kidogo, maana maiti hana aibu. Na kabla hujalala chini, tazama unalalia nini. Siafu hawajui kama ni filamu.

Shule niliishia darasa la nne, na kazi hii sikuisomea. Niliingilia mlango wa jikoni. Deo, kijana wa watu wa Bukoba, ambaye baba yake alikuwa na duka Kayanga, alikuwa na kamera ya kupigia picha za harusi. Akachoka na harusi. Akakusanya vijana wenzake, akasema sasa tunapiga filamu, na mimi akanichukua niwapikie. Siku ya kwanza nikapeleka sufuria la ndizi na maharage, nikakuta wamemlaza kijana chini wamemmwagia sosi ya nyanya. Nikauliza huyu ameuawa au amemwagikiwa na chipsi. Vijana wakacheka mpaka maiti naye akacheka. Deo hakucheka. Akaniambia, "Basi Mama, wewe tengeneza."

Nami nina kiburi, hilo kila mtu analijua. Nikatengeneza.

Damu yangu ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Nilikwenda kwa Haruna mchinjaji, mzee mmoja mwenye mikono mizito na sauti ya upole, nikamwomba kibuyu kizima. Haruna akaniambia damu ya mbuzi itanipa shida, nikadhani anataka kuninyima. Tukampaka kijana anayeitwa Amoni, tukamlaza kwenye mibuni, muuaji akasimama juu yake na panga. Deo akasema haya, anza. Mbwa wakasikia harufu. Hawakuja mbwa wawili, wajukuu zangu, walikuja mbwa wa kitongoji. Maiti akaamka akakimbia. Muuaji alikuwa ameshamtangulia mbali, panga alilitupa. Mkono wa shati la Amoni haukuonekana tena mpaka leo.

Nikarudi kwa Haruna na adabu. Ndiye aliyenifundisha damu, na kila nilichokifanya baadaye ni chake. Alinikalisha buchani asubuhi nzima nitazame tu. Damu, aliniambia, ina haraka ya kwenda chini kama maji ya mtaro, lakini ikifika inaganda kama mtu aliyekumbuka jambo. Mwanzoni inang'aa. Ikikaa inakuwa nyeusi kama kahawa iliyochemshwa mara mbili. Ukiona damu ya filamu imekaa mahali pamoja inang'aa kutwa nzima, ujue aliyeitengeneza hajawahi kuchinja hata kuku.

Basi nikaiacha ya mbuzi, nikatafuta yangu. Chukua ndizi mbivu za kutengenezea pombe, kamua ule mramba wake, ile juisi kabla haijachacha. Uchemshe mpaka uwe mzito. Tia rosela kwa wekundu, tia unga kidogo wa muhogo, halafu kijiko cha kahawa ili isiwe nyekundu ya kitoto. Ya jeraha la zamani ongeza kahawa. Ya mapafu tia sabuni ya unga, itatoa povu, lakini asiimeze mtu. Leo mnaitia damu kwa kompyuta. Nimeiona. Inaruka vizuri, ila haichafui kitu. Mtu amekatwa kichwa na shuka bado jeupe, mimi hapo naona kazi ya mtu asiyefua nguo.

Mwili wa kutupa tulitumia mgomba. Uzito wake ni ule ule wa mtu aliyelegea, na ukianguka unalia kama mtu. Siku moja niliubeba kwenye bodaboda nimeuzungushia kitenge, kutoka Ihanda. Njia nzima watu wanasimama, wanavua kofia. Mama mmoja akanishika mkono akilia, akaniuliza marehemu alikuwa nani yangu. Nikasema mjomba. Ningemwambia ni mgomba angeniona mimi ndiye mgonjwa.

Sasa nije kwenye filamu ya Mnunuzi, maana hiyo ndiyo mnayoiulizia kila mkija.

Deo alipenda habari za kweli. Alisema mtu wa huku haogopi jini, jini amemzoea tangu kwa bibi yake. Anamwogopa jirani. Kwa hiyo akawa anapiga filamu za wauaji waliokuwepo kweli, wale walioua mtu, wakaua mwingine, wakaendelea kusalimia watu njiani. Lakini filamu za namna hiyo zina ugumu wake. Jini unaweza kumpa pembe, na hakuna jini atakayekuja kulalamika. Muuaji wa kweli ana watu waliomuona. Na waliouawa wana ndugu, na ndugu hao ndio watakaokaa benchi la mbele.

Mnunuzi alikuwa mtu aliyezunguka vilima hivi, Karagwe mpaka Kyerwa, akinunua ngozi na mbuzi. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Alikuwa akikutana na mtu njiani, wanaongea, wanazoeana, halafu anamwambia, wewe nimekupenda, tuwe ndugu. Wanafanya omukago. Vijana wa siku hizi omukago mnausikia tu: ni udugu wa kuchanjiana. Unajichanja kidogo karibu na kitovu, unapaka damu yako kwenye punje ya kahawa, mwenzako anaimeza. Naye hivyo hivyo. Mnatamka maneno. Tangu hapo nyumba yake ni yako, mtoto wake ni wako, na dada yake ni dada yako, humuoi. Anayemgeukia ndugu wa namna hiyo, wazee walisema, tumbo litamvimba afe. Mnunuzi alikula kahawa na watu, kisha akawaua akachukua mbuzi wao. Na tumbo halikumvimba. Hilo liliwatisha wazee kuliko kisu. Alikuja kukamatwa, akafia gerezani kwa kikohozi cha kawaida kama mtu mwema.

Wa kuigiza Mnunuzi alikuwa Evodi, fundi cherehani wa Ihanda, mwimbaji wa sauti ya tatu kanisani kwa Walutheri. Kijana mpole mpaka anaogopa kuku. Deo alimchagua kwa sababu ya urefu. Siku za mwanzo alikuwa anatoa macho, anaunguruma, mishipa imemtoka, ungedhani ana choo kigumu. Nikawaza hapana. Nilikwenda kuongea na bibi mmoja aliyemuona Mnunuzi kwa macho. Akaniambia yule mtu alikuwa na kicheko kizuri, na kila akija alimuuliza habari za ng'ombe wake, akimtaja ng'ombe kwa jina. Nikarudi nikamwambia Evodi aache kuunguruma. "Mpende tu," nikamwambia. "Mtazame kama shemeji yako."

Nayo haikuwa kazi, maana alikuwa shemeji yake kweli. Aliyeigiza mtu wa kuuawa ni Amoni, yule wa mbwa, na Evodi alikuwa ameshamposa Anisia, dada yake Amoni. Posa imepokelewa, imebaki siku ya harusi. Evodi akamtazama Amoni kwa upendo ule, akacheka naye, akampangusa vumbi begani, na mimi niliyetengeneza damu ile kwa mikono yangu nywele zikanisisimka. Kumbukeni hilo. Muuaji hakunji uso.

Tukafika kwenye kahawa. Hapo ndipo nilipofanya kazi yangu bora maishani. Nilichukua kipande cha utumbo mwembamba wa mbuzi, nikausafisha, nikaujaza damu yangu, nikafunga kwa uzi kwa namna ambayo ukivuta mwisho wa uzi fundo linaachia. Nikaubandika tumboni, juu nikapaka unga uliokandwa kwa mafuta ya mgando mpaka ukafanana na ngozi. Wembe niliusugua jiweni mpaka ukawa butu kama ukucha. Mwigizaji anapitisha wembe, anavuta uzi, damu inatoka polepole, inatelemka kuelekea kitovuni, inasita. Inasita, wajukuu zangu! Hata Haruna alipoiona aliniuliza nimechinja nini. Watu wa makundi mengine ya filamu ya Kyerwa walinibembeleza niwaambie ile inafanyikaje, nikawaambia waende shule.

Mara ya kwanza kwa bahati mbaya nikawapa ile damu yenye sabuni. Amoni alipoweka punje mdomoni akatema akatoa povu, Deo akadhani anaigiza akafurahi. Nikawatengenezea nyingine tamu. Wakairudia ile sehemu, mara mwanga si mzuri, mara jogoo amewika, maana sehemu za usiku, hii ikiwemo, zote tulizipiga mchana na nailoni ya bluu mbele ya kamera, na jogoo hajui. Kila mara wanameza. Mwisho Amoni akaomba apewe kikombe.

Tulionyesha filamu Nyakasimbi, kwenye banda la video, madirisha yamezibwa kwa magunia. Amoni alikuwa amewatangazia nyumbani kwao wote. Wakaja na nguo za kanisani. Benchi la mbele alikaa Mzee Kabuye, babu yao Amoni na Anisia. Na hapa ndipo palipokuwa na kosa letu. Mdogo wake Mzee Kabuye, aliyeitwa Festo, ni mmoja wa wale Mnunuzi aliowaua. Sisi sote tulijua. Deo alisema amebadilisha majina, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda kusumbua watu. Ninyi mkitaka kupiga filamu ya muuaji wa kweli, kabla hamjashika kamera, bebeni sukari mwende mkakae kwa wenyewe. Mkae. Msiende mmesimama.

Filamu ikaenda, watu wanapiga kelele vizuri, nami nimeketi nyuma nimevimba kama mama wa bwana harusi. Ikafika kahawa. Damu ikatelemka, ikasita. Evodi akameza, Amoni akameza, Amoni akacheka. Mzee Kabuye akainuka. Akachukua fimbo yake akatoka nje, kabla hata ya kisu. Kesho yake mshenga wa Evodi akaitwa akaambiwa: ndoa haipo. Evodi amekula omukago na Amoni mbele ya watu. Anisia ni dada yake. Sisi hatuozi dada kwa kaka.

Deo alikimbia kwenda kueleza. Alivaa koti. Akamwambia Mzee kwamba ile ni sanaa tu. Mzee akamuuliza, "Sanaa inamezwa? Nimeona koo likipanda na kushuka." Na koo kweli lilipanda na kushuka, Deo mwenyewe ndiye aliyelipiga picha. Akataka kueleza habari ya uzi, lakini uzi wenyewe hakuujua, sikuwahi kumwambia hata yeye. Mzee alikuwa ameona wembe, ameona tumbo, ameona damu. Kwa macho yake damu ile ilikuwa ya mtu.

Evodi akaacha kuimba. Mwanamke mmoja alimpelekea gauni la kipaimara akarudishiwa likiwa na mikono miwili ya upande mmoja. Hakuja kwangu yeye, alikuja Anisia. Msichana mkavu yule, hasemi maneno ya kupamba. Aliniamkia, akakataa kukaa.

"Bibi, nimemsubiri huyu mwanaume mpaka amejifunza kushika kisu bila kutetemeka. Sasa nimeambiwa ni kaka yangu. Damu ni yako. Nenda ukaivunje."

Nilikaa na maneno hayo. Siwafichi: roho iliniuma. Kazi niliyojisifia kuliko zote, eti niende nikasimame kwa watu niseme ni uongo, na nifumue uzi wangu kila mtu auone. Lakini niliwaza pia kwamba binti wa watu hawezi kukosa mume kwa ajili ya utumbo wa mbuzi. Nikafunga kikapu changu.

Tulikwenda mimi na mshenga, Evodi na baba zake wakabaki nje ya uzio wa mibuni, kama inavyotakiwa. Mzee Kabuye alikuwa barazani na shangazi yao Anisia, mama mnene mwenye kucheka upesi. Nikapiga magoti nikamwamkia Mzee.

"Marahaba, mwanamke wa damu," akasema. "Umekuja kuniua na mimi?"

"Ukiniruhusu, Mzee."

Shangazi akacheka. Mzee hakucheka, lakini nilimuona ametazama kikapu. Nikamwomba afungue shati. Akafikiri, akafungua. Nikatoa utumbo, nikautia damu mbele yao, nikafunga uzi polepole wauone, nikaubandika kwenye tumbo lake, nikapaka ngozi ya unga. Nikampa wembe aujaribu kwenye kidole chake. Hakukatika. Nikamwekea ncha ya uzi mkononi. Wameona kila kitu, hakuna nilichoficha. Nikamwambia apitishe wembe na avute.

Damu ikatoka. Ikatelemka kuelekea kitovuni, ikasita.

Shangazi akapiga yowe akamkumbatia baba yake, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia bakuli la damu. Mzee akashika kiti kwa mikono miwili, rangi imempotea. Halafu akapeleka kidole tumboni, akakipeleka mdomoni.

"Ndizi," akasema. "Tena hazikuiva vizuri."

Nikamwambia msimu ule mvua zilikuwa mbaya.

Nikadhani nimemaliza. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Mzee akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, akaniambia damu ameielewa. "Sasa maneno. Omukago si damu tu. Walitamka."

Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nikamwambia wale hawakutaja majina yao. Evodi alisema mimi Zakaria, Amoni akasema mimi Petro. Zakaria na Petro hawapo. Dada wa mtu asiyekuwepo nani atamkataza kuolewa? Mshenga akapiga goti lake kwa kiganja, kaona tumeshinda.

Mzee Kabuye akanigeukia.

"Na yule?" akasema. "Yule naye alitaja jina la uongo. Kwa hiyo mdogo wangu alikula kahawa na jina. Kwa maneno yako, mama, yule hakuvunja kitu chochote."

Wajukuu zangu, hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimuona Anisia mlangoni, amesimama na sinia, hasogei. Nilijua kwamba nikikosea hapo, yule binti anabaki na sinia lake.

Nikasema lililokuja, bila kulipamba. "Mzee, mimi sikusoma. Lakini yule alitaja jina la uongo ili achukue aende. Huyu amesimama pale kwenye mibuni na baba zake. Nyumba yao unaijua. Kanisa lao unalijua. Hata kuku anaowaogopa unawajua. Amekuja utaje jina lake wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu."

Mzee akageuza uso kuelekea kwenye mibuni. Evodi alikuwa pale, mrefu, ameinua mguu mmoja, jogoo anampitia karibu. Shangazi akaziba mdomo kwa khanga. Hata Mzee kona ya mdomo ilimcheza.

Lakini alikuwa na jingine, na ndilo lililokuwa limemkaa. Akaniuliza ni nani aliyetuambia Festo alikuwa anacheka vile. Nikamwambia hakuna. Habari za Festo hatukumuuliza mtu, na hilo ni kosa letu. Kile kicheko ni cha Amoni mwenyewe, hakufundishwa.

"Alikuwa anacheka hivyo hivyo," Mzee akasema. "Anaanza puani. Nilikuwa sijakisikia tangu siku aliyoondoka na mbuzi. Nikaona nitoke, kabla hamjamuua tena."

Anisia akaweka sinia chini.

Mzee akauliza kama filamu inaweza kukatwa. Nikamwambia inakatwa kama nguo, fundi ni Deo. Basi, akasema, harusi itakuwepo, na siku hiyo watu wote wakiwa hapa mtaionyesha hapa kwangu. Mtaionyesha tangu mwanzo, safari, mbuzi, kila kitu, mpaka pale mtoto anapocheka. Mwisho uwe hapo. Asife. Kisha akampungia Evodi mkono aingie, akamwita kwa jina lake na jina la baba yake na la babu yake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Deo nilipompelekea habari alishika kichwa. Filamu ya muuaji ambayo hakuna anayeuawa? Watu watasemaje? Nikamwambia akiuliza tena nitamuua bila kamera. Akakata.

Siku ya harusi turubai lilisimamishwa kwenye uwanja wa Mzee Kabuye, runinga ikawekwa juu ya meza ya mapadri, kama Shangazi alivyoiita, ingawa wale ni Walutheri. Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo ya kutosha. Evodi alikuwa amejishonea suti mwenyewe, mikono yote mahali pake. Watu walikuwa wengi, na nusu yao hawakujali bwana wala bibi harusi, walikuja kutishwa. Wamesikia kuna filamu ya Mnunuzi, wamesikia kuna damu ya Bibi wa Chonyonyo. Wamama wamejifunika khanga tayari, wanachungulia kwa jicho moja.

Filamu ikaanza. Yule mrefu anakuja njiani na kicheko chake kizuri, watu wakaanza kunong'ona. Anamkuta Petro na mbuzi wake. Wanatembea, wanaongea, wanakaa chini ya mti. Wanachanjiana. Damu yangu ikatelemka, ikasita, nikasikia wamama wanavuta pumzi, na siwezi kudanganya, nilikaa wima. Wakameza. Zakaria akampangusa Petro vumbi begani. Petro akacheka, kicheko kikaanzia puani, kikapanda, kikaujaza uwanja wote.

Runinga ikawa nyeusi.

Watu wakakaa. Wanasubiri kisu. Mmoja akamwambia Deo aangalie waya. Kijana mmoja wa bodaboda, bilauri mkononi, akapaza sauti kutoka nyuma akiuliza halafu ikawaje.

Mzee Kabuye aligeuka kwenye kiti chake, akamtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Halafu wakaenda nyumbani," akasema. "Wote wawili, na mbuzi."